Bekapu inagoma na diski "imejaa"? Subiri kidogo kabla hujanunua nyingine

Kazi yangu ni kutunza kompyuta za ofisi ndogo ndogo hapa Dar, maduka ya dawa, steshenari, mawakili, shule za binafsi mbili tatu, na simu ninazopigiwa sana ukiacha za printa (printa zina laana yake, tuziache) ni za bekapu ya otomatiki iliyogoma. Na simu yenyewe inakuja na hukumu tayari: "Fundi, diski imejaa, tununue ya tera ngapi?" Hela ishatengwa, kijana ashaambiwa aende Kariakoo. Mi huwa nasema subirini kwanza, nitumieni picha ya hiyo meseji, na mara nyingi picha ikifika unakuta eksteno (ile diski ya nje ya kuchomeka) ina nafasi tele, kilichojaa ni kitu kingine kabisa ambacho diski mpya hata haitakigusa.

Shida ni kwamba kompyuta ikisema nafasi haitoshi haikwambii vizuri ni nafasi ya wapi. Inaweza kuwa eksteno kweli, inaweza kuwa C yenyewe, diski ya ndani unayoitolea nakala, inaweza kuwa kipande kidogo cha diski kilichofichwa ambacho hata kwenye This PC hukioni, inaweza kuwa akaunti ya Google, na inaweza kuwa diski yako ni feki na hapo hakuna cha kujaa wala nini. Ukinunua tera mbili bila kujua ni ipi kati ya hizo, umenunua tu.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ni namba. Eraa za bekapu za Windows nyingi zinakuja na namba inayoanza na 0x, hiyo ndo ya kuandika, maneno yake unaweza kuyasoma baadae. Kwenye ile Backup and Restore iliyokuja na Windows 7, ambayo mpaka Windows 11 bado ipo imejificha kwenye Control Panel, bonyeza sehemu ya maelezo zaidi namba inatokea. Kama unatumia File History (bekapu nyingine ya Windows, ya mafaili tu) yenyewe haina kelele, inakaa kimya tu, inabidi ufungue Event Viewer, daftari la matukio la Windows, uende Applications and Services Logs, alafu Microsoft, alafu Windows, ushuke mpaka FileHistory-Engine, pale utakuta imeandika faili gani ilishindwa kulichukua na lini. Watu wanaogopa Event Viewer kwa sababu imejaa alama nyekundu hata kompyuta ikiwa nzima. Usisome zote. Soma za huo muda bekapu ilipogoma, basi.

Sasa nikupe mfano wa namba inayotesa watu wengi, 0x80780119. Nilikuta kwa wakili mmoja, dada wa mapokezi kachomeka eksteno ya tera mbili imetoka kwenye boksi, plastiki yake bado iko mezani, na Windows inasema nafasi haitoshi. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kaka, au tumeuziwa iliyotumika?" Nikamwambia hapana dada, diski yenu nzima kabisa. Kilichopo ni kwamba Windows kabla haijapiga picha ya mfumo mzima (system image, yaani nakala ya Windows yenyewe na kila kilichomo) inatengeneza kwanza kivuli, nakala ya papo hapo, cha kila partisheni (kipande cha diski) inayohusika, na kivuli hicho kinataka nafasi. Partisheni iliyo chini ya MB 500 inataka walau MB 50 ziwe wazi, ikizidi MB 500 inataka MB 320. Kompyuta nyingi zina partisheni ya rikavari, ile iliyofichwa ya kuiokoa Windows ikiharibika, yenye MB mia nne na kitu au mia tano na kitu, imebanwa mpaka shingoni, na apdeti zinazidi kuijaza. Ndo maana kuna kichekesho kwamba partisheni ya MB 499 inaweza kupita na ya MB 510 ikakataa, wakati hiyo ya pili ndo kubwa.

Na usidanganywe na Disk Management hapo, ile sehemu ya Windows ya kusimamia diski. Ukiifungua itakuonyesha hiyo partisheni iko wazi asilimia 100, si kweli, haina herufi kwa hiyo Windows inaandika tu. Mpaka uipe herufi kwa muda ndo utaona hali halisi. Dawa yake ni kuipanua: unazima rikavari kwa reagentc /disable, unapunguza C kidogo, unaitengeneza upya ikiwa kubwa zaidi, unawasha kwa reagentc /enable. Ndo utaratibu uleule Microsoft waliowapa watu Januari 2024 ile apdeti ya KB5034441 ilipogoma kwenye kompyuta kibao kwa eraa 0x80070643, maana nayo ilikuwa inataka MB 250 wazi kwenye rikavari. Lakini kama hujawahi kugusa partisheni, kopi mafaili yako ya muhimu kwa mkono kwanza, au muite anayejua. Usijifunzie kwenye mashine ya ofisi yenye kesi za watu.

Au fanya kama tulivyofanya kwa yule wakili, ondoa tiki kwenye system image, acha ichukue mafaili tu. Mimi kusema kweli picha ya mfumo mzima kila siku kwa ofisi ndogo siioni kazi yake. Windows inapigwa upya asubuhi, mchana mtu anafanya kazi. Mikataba ya wateja haipigwi upya.

Kuna hii nyingine ya C. Programu nyingi za bekapu zinakusanya na kubana mafaili kwanza kwenye folda ya muda, na hiyo folda mara nyingi iko C, ikishamaliza ndo inahamishia eksteno. Sasa C yako ni SSD ya GB 128, imebaki GB 3, unabana GB 40 hapo zinapita wapi? Itagoma katikati na itasema nafasi haitoshi, na wewe utaangalia eksteno utaona GB 600 za bure utasema programu imechanganyikiwa. Haijachanganyikiwa. Ingia kwenye setingi zake uihamishe folda ya muda, au safisha C. Folda ya Downloads peke yake kwenye kompyuta za ofisi ni balaa, fomu ileile ya TRA imedaunilodiwa mara kumi na tano, mpaka imepewa namba kwenye mabano.

Haya, tuje kwenye diski iliyojaa kweli, maana zipo.

Hapa watu wanakosea hesabu kwa sababu wanadhani bekapu moja ni sawa na nafasi ya bekapu moja. Chukua diski inayouzwa kama GB 500, Windows itakuonyesha GB 465 hivi, kwa sababu kiwanda kinahesabu kwa elfu na Windows inahesabu kwa 1024 (tera moja utaiona GB 931, hujaibiwa). Picha ya kompyuta yako ni GB 160. Umeiambia programu itunze mbili za mwisho. Unaona mbili ni 320, zinaingia na chenji inabaki. Lakini programu nyingi hazifuti ya zamani mpaka mpya imalize salama, na ni sawa kabisa iwe hivyo, ni kama daladala ya jioni, konda anataka apakie wa mbele kwanza ndo wa nyuma wateremke. Kwa hiyo kwa muda fulani unahitaji nafasi ya tatu, 480, na wewe una 465. Itagoma kila wiki siku ileile, na kila ukiangalia utaona GB 145 ziko wazi. Punguza idadi iwe moja pamoja na za nyongeza ndogo ndogo zinazobeba kilichobadilika tu, au hapo sasa ndo ununue diski kubwa kwa haki.

File History nayo ina tabia yake. Ikiwashwa inachukua kila saa moja, na inatunza matoleo yote milele. Milele kabisa, ndo setingi inayokuja nayo. Nenda kwenye Advanced settings ubadilishe iwe miezi mitatu au sita, au ile ya kutunza mpaka nafasi itakapohitajika. Kisha kusafisha yaliyokwisha kaa kuna kitufe cha kufuta matoleo ya zamani palepale, au ukipenda amri unaandika FhManagew.exe -cleanup 180 inafuta matoleo ya zaidi ya siku 180. Usiingie kwenye folda ya FileHistory ukaanza kufuta kwa mkono. Najua inashawishi. Usifanye.

Alafu angalia ni nini kinachokula. Kwa ofisi nyingi ni faili la PST la Outlook, linalotunza barua pepe zote. Hili likifunguliwa tu linabadilika, hata kama umeingia kusoma barua pepe moja, na programu inayoangalia faili zima zima itaona limebadilika na italibeba lote upya. PST ya GB 12 mara siku tano za kazi ni GB 60 kwa wiki kwa ajili ya imeili chache mpya. Na kibaya zaidi Outlook ikiwa wazi inalifunga, kwa hiyo programu zisizotumia kivuli zinaliruka kabisa, unakuta kila kitu kipo isipokuwa barua pepe. Mimi nimehamisha PST kwenye ratiba yake peke yake, mara moja kwa wiki, saa ambayo Outlook imefungwa. Na za zamani zigawanye kwa mwaka, ile ya 2021 haitabadilika tena, ichukue mara moja iishe. Mashine pepe (kompyuta ndani ya kompyuta) kama za VirtualBox zina tabia hiyohiyo. Na video za WhatsApp, jamani. Kuna ofisi ina bekapu ya harusi tatu na mahubiri kwenye folda ya mahesabu.

Duka la dawa moja la jumla lilinipa kazi nzuri ya hili. Mama mwenye duka kanipigia asubuhi, nimeamkia shikamoo mama, hajaitikia hata marahaba, "Mwanangu mashine haikubali kuuza, na wateja wamejaa hapa." Mashine imeganda, C ina sifuri. Kumbe programu yao ya mauzo inatumia SQL Server Express, database ya bure ya Microsoft ambayo haina Agent ya kupanga kazi, kwa hiyo aliyewauzia aliwawekea kiskripti (amri zinazojiendesha zenyewe) kinachotoa faili la .bak, nakala ya database, kila usiku na kuliweka C, kila siku jina jipya lenye tarehe, na hakuna mahali popote palipoandikwa futa. Yako pale mamia kwa mamia, moja juu ya jingine. Bekapu ndo iliyoizima biashara. Na yote yalikuwa kwenye diski ileile ya database, diski ikifa yanakufa pamoja.

Nikayahamishia eksteno, na kufuta ya zamani watu wengi wanatumia amri ya Windows iitwayo forfiles, unaandika forfiles /p D:\bekapu /m *.bak /d -14 /c "cmd /c del @path" na kila faili lenye umri wa siku 14 kwenda juu linaondoka. Inafanya kazi. Lakini iangalie vizuri hiyo amri, inafuta kwa umri tu, haiulizi kama kuna jipya lililoingia. Bekapu ikigoma tarehe mosi na hakuna aliyejua, forfiles itaendelea kufuta kila usiku kwa uaminifu mkubwa mpaka tarehe kumi na tano folda iko nyeupe. Kwa hiyo kwenye skripti weka sharti: kama faili la leo halipo, au lipo ni dogo kuliko kawaida, usifute kitu. Ni mistari michache tu, na mistari hiyo ndo inayokufanya ulale.

Kuhusu diski feki sitaki kurefusha ila lazima niseme. Flashi ya tera 2 kwa bei ya chakula cha mchana haipo. Chipu yake imedanganywa, ndani kuna GB 32 au 64, inakubali kila unachoweka, inaonyesha majina ya mafaili na saizi zake, ila ukishapita uwezo wake halisi inaandika juu ya vya mwanzo au inatupa tu. Bekapu itasema imefanikiwa. Pima na H2testw kwenye Windows au f3 kwenye Linux, inaandika diski nzima kisha inasoma tena kuona kama kilichoandikwa ndo kilichopo, inachukua masaa, iache usiku. Mi kila diski ninayoletewa napima kabla, hata kama mwenye duka ni rafiki.

Sasa zile zinazogoma bila kuhusu nafasi. Ya kwanza kwa wingi ni herufi. Eksteno yako huwa E. Leo asubuhi mteja kaja steshenari kuprinti, kachomeka flashi yake kwanza, flashi imekuwa E, eksteno ikija inakuwa F, skripti inatafuta E inakuta CV ya mtu. Ingia Disk Management uipe eksteno herufi ya mbali, mi natumia M au Z, itabaki hivyohivyo.

Task Scheduler, mpanga ratiba wa Windows, ina vitiki viwili vinavyoua bekapu za laptopu. Kimoja kinasema ianze tu kama mashine iko kwenye chaji, na kinakuja kimewekwa tayari. Kingine ni kile cha kuendesha kazi mapema iwezekanavyo kama muda wake ulipita, hiki kinakuja kimeondolewa. Umepanga saa mbili usiku, ofisi inafungwa saa kumi na moja, mashine imezimwa, kesho yake hakuna anayekumbuka. Ondoa cha kwanza, weka cha pili, na zaidi ya yote panga saa ambayo watu wapo, saa saba mchana wakienda kula ni nzuri sana. Na kama umechagua kazi iendeshwe hata mtumiaji asipokuwa ameingia, ile diski ya mtandao mliyoipa herufi ya S haitaonekana, andika njia kamili kuanzia jina la seva, \\seva\bekapu. Paswedi ikibadilishwa pia kazi inakufa, inabidi uingie uiandike mpya.

Watumiaji wa robocopy, ile amri ya Windows ya kukopi mafaili, mna yenu. Kwanza ikirudisha 1 siyo kosa, 1 maana yake imekopi mafaili, kuanzia 0 mpaka 7 ni salama, 8 kwenda juu ndo ulalamike. Nimeona mtu anafuta skripti nzima inayofanya kazi kwa sababu Scheduler imeandika 0x1. Pili usipoiambia, ikikutana na faili lililofungwa inajaribu tena mara milioni moja, ikisubiri sekunde 30 kila mara, utaikuta Jumatatu bado iko kwenye faili la Ijumaa. Weka /R:1 /W:1. Tatu weka /XJ, maana ndani ya AppData\Local kuna njia ya mkato iitwayo Application Data inayojirudia yenyewe, bila /XJ inazunguka humo humo inajaza diski kwa folda ndani ya folda ndani ya folda. Na /MIR inafuta upande wa pili kilichofutwa upande wa kwanza, kwa hiyo mtu akifuta folda kwa bahati mbaya leo, usiku na nakala inaondoka.

Ya OneDrive inaniudhi zaidi ya zote maana haionyeshi kosa lolote. Windows mpya wakati wa kuiseti inakushawishi uwashe bekapu ya OneDrive, unabonyeza ndio, ndio, na Desktop na Documents zinahamia ndani ya folda ya OneDrive. Kwa macho hakuna kilichobadilika. Lakini skripti yako bado inaangalia C:\Users\jina\Documents ya zamani, ambayo sasa ni tupu, inakopi utupu, inamaliza kwa sekunde mbili, inaandika imefanikiwa. Na OneDrive yenyewe ya bure ni GB 5, ikijaa inaacha. Kwa hiyo una bekapu mbili na huna hata moja. Bonyeza kulia kwenye Documents, angalia Location inasemaje.

Mashine za mtumba kuna jambo moja la senti chache: betri ya CR2032 kwenye bodi. Ikifa, kila umeme ukikatika saa inarudi miaka ya nyuma. Ratiba inayosubiri tarehe ya leo haifiki, bekapu za mtandaoni zinagoma kwa sababu vyeti vya usalama vinaonekana havijaanza kutumika, na mafaili yanapata tarehe za ajabu ambazo hata forfiles yako itazitafsiri vibaya. Ukiona tarehe iko 2009 usihangaike na programu ya bekapu.

Na umeme wenyewe. Eksteno ndogo inakula kutoka kwenye poti, USB 2.0 inatoa milliampea 500, USB 3.0 inatoa 900, ukiichomeka kwenye habu isiyo na umeme wake pamoja na maus na kibodi inawaka, inalia tik tik, inazima, inarudi. Ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, nyuma siyo mbele. Ikizidi fungua CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, uangalie mstari wa 05 na C5, zikiwa si sifuri na zinaongezeka kila wiki hiyo diski inaaga. Mstari wa C7 ukipanda mara nyingi ni waya tu, badilisha waya. Na umeme ukikatika katikati ya bekapu, endesha chkdsk (amri ya kukagua diski) kwenye eksteno kabla hujalaumu kitu kingine. Diski iliyotoka dukani ikiwa imeformatiwa kwa mfumo wa FAT32 pia haibebi faili moja la zaidi ya GB 4, bekapu itafika hapo itakatika na itasema nafasi. Iformati NTFS.

Wa Mac nitasema kwa ufupi maana siwagusi sana: Time Machine, bekapu yao ya Apple, inajifutia yenyewe za zamani diski ikijaa, Apple wanashauri diski iwe walau mara mbili ya nafasi ya Mac yako, na kama ni disk ya ndani ndo imejaa bila sababu andika kwanza tmutil listlocalsnapshots / kwenye Terminal uone nakala zilizobaki humo ndani.

Google nayo, GB 15 za bure ni za Gmail, Drive na Photos kwa pamoja, na tangu Juni 2021 picha zote mpya zinahesabiwa. Ikijaa hata imeili haziingii, na mteja anadhani umemchunia. Mwaga taka za Drive, zinahesabiwa mpaka siku 30 ziishe. Ila kwa bando za hapa kwetu, mafaili madogo ya kazi yaende juu, video zibaki kwenye diski.

Kama unaona haya ni ya ofisi ndogo tu zisizo na watu wa IT, mwaka 2017, tarehe 31 Januari, injinia wa GitLab, kampuni inayotunza kodi za watengeneza programu, alifuta kwa bahati mbaya folda ya database yao halisi, GB 300 hivi. Wakaenda kwenye bekapu. Ile ya pg_dump, programu ya kutoa nakala ya database, ilikuwa haifanyiki kwa muda kwa sababu ilikuwa inatumia toleo la 9.2 wakati database ni 9.6, na kule zinakotakiwa kuhifadhiwa hakukuwa na kitu. Imeili za kutoa taarifa ya kosa zilikuwa zinatumwa kila siku, ila seva ya kupokea ilikuwa inazikataa. Waliokolewa na nakala ambayo mtu aliitoa kwa mkono masaa sita kabla kwa ajili ya kazi nyingine, wakapoteza hayo masaa sita. Waliandika wenyewe hadharani kila kitu, heshima kwao.

Kwa hiyo siamini taarifa za "imeshindwa". Bekapu iliyokufa kabisa haitumi hata hiyo taarifa. Mi nimegeuza, skripti inatuma meseji ikifanikiwa, fupi, jina la ofisi na saizi ya faili, na nisipoiona siku mbili napiga simu. Saizi ni muhimu, jana GB 4.1 leo MB 12, kuna kitu.

Na kujaribu kurudisha usikwepe. Chagua faili moja la wiki iliyopita ambalo unajua lina nini, lirudishe kwenye folda nyingine tofauti usije ukapitisha juu ya la sasa, lifungue, angalia namba. Kwa database ni zaidi kidogo: .bak iliyotoka kwenye SQL Server mpya haifunguki kwenye ya zamani, hata ukiipigia magoti. Yule mama wa duka la dawa tulijaribia kwenye laptopu yangu ikakataa kwa sababu hiyo tu, ikabidi nishushe toleo linalolingana ndo ikafunguka, mauzo yote yapo mpaka panado ya jioni ya jana yake. Muulize aliyewauzia programu ni toleo gani anatumia, liandike kwenye karatasi pamoja na paswedi ya sa (akaunti kuu ya SQL Server) kama anakubali kukupa, karatasi ikae kwenye kabati lenye kufuli siyo juu ya diski, na jina la toleo peke yake ndo ubandike kwenye diski kwa selotepu.